Barua ya wazi kwa Waziri wa Kilimo: Mama yangu aliulizwa ana ndizi ngapi

Mheshimiwa Waziri wa Kilimo,
Dodoma.

YAH: MSTARI MMOJA KATIKA FOMU YA MAZAO

Husika na kichwa cha barua hapo juu.

Mheshimiwa, nakuandikia kutoka Uru, mkoani Kilimanjaro, nikiwa kwenye kihamba cha mama yangu, yaani shamba la ukoo linalozunguka nyumba. Sikuandikii kuhusu mbolea ya ruzuku wala bei ya kahawa, maana hayo wenzangu wameshakuandikia mpaka wino umekauka. Mimi nina mstari mmoja tu.

Msimu uliopita alikuja kijana wa ugani kuorodhesha mazao. Ana adabu zake, chai aliikataa mara moja tu kisha akainywa. Akafungua fomu, akauliza, "Mama, una mashina mangapi ya ndizi?" Mama akamjibu, "Ndizi zipi, mwanangu?" Kijana akatabasamu, akasema fomu ina nafasi moja. Mama akajifunga kanga vizuri, akamtoa nje.

Walianzia nyuma ya jiko, kwenye ndizi aina ya mshare. Hiyo ndiyo ya mtori, supu ya ndizi na nyama anayopewa mzazi, na imepandwa pale kwa makusudi: mtu akijifungua usiku, hakuna wa kuzunguka shambani na tochi akitafuta mkungu. Shina la kwanza mama alikuja nalo alipoolewa, kutoka kwao Kibosho. Bibi ndiye aliyemchimbia, akalifunga kwa majani makavu, akambebesha. Mimi na ndugu zangu wanne tumezaliwa juu ya mtori wa shina hilo, na wanangu pia.

Wakashuka hadi bandani kwa ng'ombe. Pale pana ndishi na ndizi ng'ombe, za mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Nilipokuwa darasa la nne, baba na mdogo wake waligombana juu ya mpaka, hawakusalimiana karibu mwaka mzima. Baba mdogo ndiye aliyekuja na isale mkononi, jani ambalo kwetu Wachagga ni la kuomba msamaha. Mama akachemsha ndizi za mashina yale, ulezi ukasagwa, gome chungu la mti wa msesewe likatiwa, na siku wazee walipokaa, ile kata moja ya kunywea ilizunguka kwa wote wawili. Mama hawezi kupita pale bila kukusimulia. Kijana naye alisimuliwa, pamoja na nani alilewa.

Mwisho nyuma ya choo, kwenye aina iitwayo kitarasa. Ndizi yake hukatwakatwa, hukaushwa juani, husagwa ikawa unga wa uji. Huo ndio uliowavusha wakubwa wetu miaka mahindi yalipogoma. Sasa limebaki shina moja.

Kijana alisikiliza yote, nadhani kwa raha. Kisha akaandika: ndizi, 64.

Simlaumu, fomu ndiyo aliyopewa. Ila Mheshimiwa, fomu hiyo ikifika kwako, mshare na kitarasa ni kitu kimoja, na siku kitarasa ikiisha Uru nzima, hesabu yako haitatikisika hata kidogo. Mtu atang'oa kitarasa, atapanda inayouzika haraka pale soko la Mbuyuni mjini Moshi, na kwenye karatasi itabaki 64.

Na zinaondoka kweli. Kihamba kikigawanywa kwa watoto wa kiume, kila mmoja anajenga, na shina la kwanza kung'olewa ni lile lisilo na mnunuzi. Mshare yenyewe, pamoja na kupendwa kote huko, haiwezi ugonjwa wa mnyauko. Ukiingia shambani unaona majani yamekuwa njano, yamening'inia kama sketi, na hapo hakuna dawa ya kunyunyizia.

Jambo linalonichekesha, kama si kuniliza, ni kwamba mwaka 2011 FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, iliitambua Shimbwe Juu, hapo juu yetu, kuwa urithi wa kilimo wa dunia, kwa ajili ya kihamba hiki hiki: miti ya mruka na mringaringa juu, migomba chini yake, kahawa chini ya migomba, magimbi chini kabisa, maji ya mfongo, mfereji wetu wa asili, yakipita katikati, ng'ombe akila mgomba na mgomba ukila samadi yake. Na ile ndizi ya Cavendish inayojaa kwenye maduka ya Ulaya, wanaopima vinasaba wamekuta ina undugu na mlali, ndizi nyingine ya Afrika Mashariki, na mshare. Ndugu mmoja anafahamika dunia nzima kwa jina. Huyu aliyebaki nyumbani tumemwandika "ndizi".

Naomba mambo mawili. La kwanza ni dogo, ni la mpiga chapa: fomu iwe na nafasi ya jina la kila aina, kama anavyoitaja mwenye shamba, na aulizwe anaipikia nini. Mara nyingi mwenye kujua ni mama wa nyumba, basi aulizwe yeye, hata kama jina la kwenye hati ni la baba. La pili lina gharama kidogo: kila kata iwe na kitalu cha aina za hapo hapo, chenye miche safi isiyo na mnyauko. Watafiti wa TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, wapo Tengeru karibu na Arusha, si mbali. Aina mpya sizikatai. Zije, lakini zipandwe pembeni ya hizi, zisikalie kiti chao.

Desemba wajukuu walipokuja kutoka Dar es Salaam, wa mwisho aliuliza ule mgomba wa nyuma ya jiko ni wa nani. Mama akamwambia, "Wa mama yangu." Mtoto akaenda kuuangalia tena.

Lile shina la kitarasa lina watoto watatu. Mmoja ameshaahidiwa jirani. Wawili wanasubiri kitalu chako, lakini masika ikianza mama atawachimba, kitalu kiwepo kisiwepo, kwa sababu kaka anataka kujenga choo kipya pale.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkulima wa Uru