Usiridhike na jumla, mwanangu

Chake Chake, Pemba

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Bibi yako kila siku anauliza lini utavuka.

Umeniandikia kwamba ukishajua jumla ya chembe nyeupe za damu, huoni haja ya kuzitenganisha aina kwa aina. Hapo sikubaliani nawe. Mtu mzima mwenye afya huwa na baina ya 4,000 na 11,000 katika kila mikrolita, lakini jumla yaweza kuwa ya kawaida na mtu akawa mgonjwa.

Sisi wa Pemba tunalijua hilo kwa eosinofili, mojawapo ya aina tano za chembe hizo. Kwa kawaida ni chache, asilimia 1 hadi 4 hivi. Lakini nikiweka kwenye hadubini damu ya mtoto anayeoga mtoni na kushinda bonde la mpunga miguu mitupu, mara nyingi nazikuta tele: kiini kimegawika pande mbili, na punje nene, rangi ya chungwa iliyokoza, zimejaa tele. Mnyoo ni mkubwa mno kumezwa na chembe moja, basi eosinofili humganda na kummwagia protini za sumu zilizomo kwenye punje hizo. Ukiziona nyingi, ulizia pumu na mzio, kisha pima choo kutafuta mayai ya safura, na mkojo kutafuta ya kichocho.

Nyutrofili ndizo nyingi kuliko zote. Kiini chake kina vipande viwili hadi vitano vilivyoungana kwa uzi mwembamba. Huwahi penye bakteria, huwameza na kufa papo hapo. Usaha wa jipu una mizoga yake kwa wingi. Limfosaiti ina kiini cha mviringo kinachokaribia kuijaza yote. Aina ya B ndizo zinazozaa kingamwili, na baadhi ya zile za T, yaani CD4, ndizo zinazoangamizwa na VVU. Ila kwa hadubini yetu huwezi kuzitenga. Besofili ni adimu, chini ya asilimia 1. Zina histamini, ile inayoleta mwasho.

Monosaiti usizipite haraka. Ndizo kubwa kuliko zote, na zikitoka kwenye damu kuingia kwenye nyama za mwili hugeuka makrofaji, yaani chembe kubwa za kumeza vijidudu na uchafu. Ukikuta ndani yake vumbi la kahawia, hayo ni mabaki ya malaria iliyomezwa. Yaweza kubaki hata baada ya dawa kuwamaliza vimelea wenyewe, nami kila nikiyaona nastaajabu.

Hesabu chembe nyeupe 100, pale damu ilipotandazika nyembamba na chembe nyekundu hazijapandana. Ukipata eosinofili 12, na jumla ni 8,000, basi ni 960 kwa mikrolita. Zikizidi 500 tayari ni nyingi, na jumla hiyo peke yake ungeiandika kuwa haina neno.

Niandikie ulichokiona kwenye slaidi yako ya wiki hii.

Wako,
Baba