Sukari iliposhuka ndani ya daladala

Gongo la Mboto,
Dar es Salaam

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeipata, na naona shangazi yako ameniwahi. Kakwambia nilianguka ndani ya daladala. Sikuanguka. Nilikuwa nimekaa, tena kiti cha dirishani, ila maneno yaliyokuwa yakinitoka hayakuwa ya mtu mwenye akili zake, mpaka konda akawaambia abiria, "Mzee kashalewa asubuhi yote hii!" Mimi, ambaye pombe sijaigusa tangu kabla hujazaliwa.

Kosa lilikuwa langu. Nilijichoma sindano ya insulini, dawa yangu ya kisukari, saa kumi na mbili, nikasema chai nitainywa kwa mteja Kariakoo. Foleni ikatushika karibu na Uwanja wa Ndege, hatusogei. Insulini haijui foleni. Ikishaingia mwilini inaziambia seli za misuli na za mafuta zichukue sukari iliyo kwenye damu, na inalikataza ini kumwaga nyingine. Tumbo likiwa tupu, sukari inashuka tu.

Unasema mwalimu amewachorea tezi zote, kuanzia ile ya chini ya ubongo yenye ukubwa wa punje ya njegere, na wewe umekariri majina bila kuelewa. Basi tuingie kwenye friji, maana ufundi wa friji ndio unaokulipia ada. Mle ndani kuna themostati. Joto likipanda inawasha kompresa, ubaridi ukifika pale ulipowekwa inaizima. Kongosho, ile tezi ya nyuma ya tumbo, likiwa na afya hufanya vivyo hivyo. Umekula ugali, sukari imepanda, linamwaga insulini. Sukari ikishuka linapunguza, na badala yake linatoa glukagoni, homoni inayoliamuru ini lifungue akiba yake. Homoni ni ujumbe wa kemikali mwilini, na insulini nayo ni homoni. Ila friji ina waya wa kupeleka ujumbe, homoni haina. Inasafiri na damu, inapita kila mahali, lakini inasikiwa na seli zenye kipokezi chake tu, yaani sehemu ya seli inayoipokea.

Kongosho langu limechoka, kwa hiyo themostati ni mimi mwenyewe na kile kimashine cha kutoboa kidole. Na dozi ukishajichoma, huwezi kuizima.

Siku ile mikono ndiyo ilianza kutetemeka. Jasho la baridi likanitoka, shati likaganda mgongoni, moyo ukawa kama kompresa mbovu inayolazimisha kuwaka. Hiyo ni adrenalini, kutoka tezi zilizokaa juu ya figo kama kofia, ile ile inayokutoka ukikimbizwa na mbwa. Ilikuja kunisaidia, kulihimiza ini litoe sukari. Lakini ubongo unakula sukari muda wote na hauna ghala la maana, ndiyo maana maneno yakaanza kupotea. Mama mmoja mwenye ndoo ya maandazi akanitazama, akasema, "Huyu hajalewa, ni sukari. Mume wangu huwa hivi hivi." Akanishikia soda nikanywa. Hatujafika Kariakoo nikawa najua nashuka wapi. Konda aliniomba radhi, na nauli hakuchukua.

Umeuliza kwa nini nisimeze vidonge vya insulini. Insulini ni protini, mwanangu. Tumbo lingeimeng'enya kama linavyomeng'enya nyama ya mchuzi. Mgonjwa wa kwanza kuchomwa insulini alikuwa Leonard Thompson, kule Toronto, Kanada, Januari 1922. Alikuwa mvulana wa rika lako. Kabla ya hapo watoto wenye kisukari kama chake walinyimwa chakula ili wasogeze siku, na wengi walikufa wakiwa mifupa mitupu.

Mwambie na huyo rafiki yako ambaye bibi yake anatumia insulini: kichupa kikae kwenye friji, siyo kwenye friza. Ikishaganda imeharibika, hata ukiiyeyusha.

Siku hizi sichomi kabla sahani haijawekwa mezani. Na ukirudi likizo, zile pipi utakazoziona kwenye mfuko wa shati langu si za kuombwa. Waambie na wadogo zako.

Baba yako