Vinasaba vya mitokondria na vyura wetu

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie vinasaba vya mitokondria (viungo vidogo ndani ya seli vinavyoipa nguvu), vinavyotumika sana kupanga nasaba za vyura, wakiwamo wa milima ya Usambara, Uluguru na Udzungwa. Vinasaba hivi hurithiwa kutoka kwa mama, na kwa kuwa kila seli huwa na nakala zake nyingi, ncha ya kidole cha chura iliyohifadhiwa katika spiriti hutosha kuvisoma. Ndivyo vyura wasiotofautishwa kwa macho wanavyogundulika kuwa spishi mbili.

Hata hivyo, spishi mbili zikizaliana, chura anaweza kubeba mitokondria ya spishi moja na umbo la nyingine, kwa hiyo vinasaba vya kiini cha seli na mlio wa dume navyo havina budi kuchunguzwa.

Chura wa Kihansi, wa bonde la mto Kihansi katika milima ya Udzungwa, anayezaa watoto badala ya kutaga mayai, alitangazwa kutoweka porini mwaka 2009, na waliofugwa Marekani walianza kurejeshwa hapa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2010. Naiomba serikali igharimie uchunguzi wa nasaba za vyura wengine waliobaki misituni kabla nao hawajatoweka, tena ufanywe na vijana wetu katika maabara zetu.

Msomaji wako,
Dar es Salaam