Mche wa baridi hauwezi joto la Likoni

Mhariri,

Mwanangu yuko Kanada. Yeye kapanda hezeli, kichaka kinachovumilia theluji na kuzaa njugu tamu. Nami nikaona wivu! Muuza miche mmoja kando ya barabara akaniuzia mche wa mjozi, mti wa njugu za jozi wa nchi za baridi, akaapa "hauna shida, mama, unavumilia kila kitu."

Kuvumilia baridi ni jambo moja, kuihitaji ni jingine. Mjozi na hezeli hupukutisha majani, hulala miezi ya baridi, ndipo machipukizi huamka vizuri. Huku Likoni hata upepo wa kusi wa Julai haunitaki zaidi ya leso mabegani. Wangu ulitoa majani manne, kingo zikaungua, basi. Hata makadamia tuwaachie wa Meru na Embu, kwenye miinuko.

Sasa nachagua kati ya mkanju na mkungu, ule mti wa majani mapana unaozaa kungu, tunda lenye kiini cha kuliwa. Mkanju una korosho, lakini hutanda mno, na maji ya ganda lake huchoma ngozi; wajukuu wangu hawasikii. Mkungu majani yake yananichosha kufagia, ila kivuli chake! Na watoto wanajua kupasua kungu kwa jiwe.

Wauza miche, tuambieni mti umetoka wapi kabla hamjapokea pesa.

Bibi wa wajukuu sita,
Likoni, Mombasa