Kiti cha mbele kanisani ni cha nani?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako, kuna jambo limenikaa rohoni. Mi ni mhudumu wa mlangoni kwenye kanisa moja hapa Bagamoyo, kazi yangu kukalisha watu. Juzi tulikuwa na harambee ya kununua spika za kanisa, mgeni rasmi akachelewa, kuja kuingia viti vimejaa, nikaambiwa tafuta nafasi haraka, basi nikaenda moja kwa moja kwa mama mmoja mkaanga samaki ambaye alikuwepo tangu saa moja asubuhi, nikamgusa bega, mama samahani hebu sogea nyuma. Akainuka bila neno, akabeba Biblia yake aliyoifunga na kipande cha kanga akaenda kubanana kwenye benchi la watoto, na miguu ile imevimba kwa kusimama kwenye karai la mafuta kutwa nzima. Mgeni katoa laki tano, vigelegele mpaka basi. Mama katoa elfu mbili imekunjwakunjwa, hata hakutajwa.

Na mama huyu mi namjua jamani, tunaishi nyumba zinatazamana. Kila alfajiri kabla hajaenda kuchukua samaki anapita kumwogesha jirani aliyepooza, anamgeuza, anamfulia mashuka, si ndugu yake wala si wa dini yake, na hajawahi kusimama kutoa ushuhuda wa jambo hilo hata siku moja.

Warumi 12:10 inasema "kwa heshima mkiwatanguliza wenzenu". Kutanguliza! Yaani mwenzako apite kwanza, wewe ufuate. Na Yakobo sura ya 2 ni kama alikuwepo siku ile, anamsema mwenye pete ya dhahabu anayeambiwa keti hapa pazuri huku maskini anaambiwa simama kule, nimeisoma miaka yote nikijua inawasema watu wengine.

Hata kwenye mnara wa kanisa la zamani pale misheni, wageni wanaonyeshwa mahali mwili wa Livingstone, yule mmisionari Mskoti, ulipolazwa Februari 1874. Sawa, ila watumishi wake kina Chuma na Susi na wenzao walioubeba karibu miezi tisa kutoka bara kwa miguu tunawataja mwishoni, tukikumbuka. Maiti haisemi asante, na bado waliibeba.

Ombi langu kwa wazee wa makanisa, tuache kuwainua watu. Mgonjwa, mzee na mjamzito wakae kwanza, wengine kwa kuwahi, na mgeni akichelewa basi tusimame sisi wahudumu ambao miguu yetu mizima.

Nilimfuata mama sokoni kumwomba radhi, nikamkuta anapara samaki, magamba yamemjaa mpaka kwenye viwiko. Akaniangalia kama haelewi ninachoombea radhi, akasema, "Mwanangu, mi nilidhani kaja mgonjwa ndo maana nikainuka."

Mhudumu wa mlangoni,
Bagamoyo