Barua ya wazi kwa Rais Li Yuanhong

Mheshimiwa Rais,

Wanaosimulia miaka ya mwanzo ya Jamhuri ya China humlaumu Yuan Shikai, rais aliyetaka kujivika ufalme. Wewe hupitwa haraka: alikuwa mpole, basi. Mimi siwezi kukupita hivyo.

Najua uongozi hukuuomba. Askari wa Wuchang walipoasi dhidi ya utawala wa kifalme wa Qing, Oktoba 1911, ulikuwa kamanda wa brigedi, nao wakakulazimisha kwa mtutu wa bunduki uwe gavana wao wa kijeshi. Yuan alipofariki Juni 1916 ukawa rais, ukairudisha katiba ya muda ya 1912 pamoja na bunge. Kwa hilo nakuvulia kofia.

Kinachoniuma ni mwaka uliofuata. Mei 1917 ulimfukuza kazi Waziri Mkuu Duan Qirui, aliyekuwa akishinikiza China iingie vitani dhidi ya Ujerumani. Magavana wenye majeshi wakakugeuka. Ukamwita nani aje kupatanisha? Zhang Xun! Jenerali ambaye askari wake walikuwa bado wamesuka mikia ya nywele kuonyesha utii kwa Qing, miaka mitano baada ya mfalme kung'atuka. Huko ni kumkabidhi fisi bucha.

Kabla hajaingia Beijing akatoa sharti: bunge livunjwe. Mzee Wu Tingfang, aliyekaimu uwaziri mkuu, alikataa kutia saini yake kwenye amri ile. Alikuwa raia tu, hana hata kikosi kimoja, na bado alikataa. Wewe ukatafuta mtu mwingine wa kusaini. Tarehe 1 Julai Zhang Xun akamrudisha Puyi, mfalme yule aliyeng'atuka, mtoto wa miaka 11, kwenye kiti cha enzi, nawe ukakimbilia ubalozi wa Japani. Ufalme ule ulidumu siku 12 tu, lakini bunge halikurudi hadi 1922. Duan aliingia Beijing kama mkombozi, mwanamapinduzi Sun Yat-sen akaunda serikali yake Guangzhou, kusini, na nchi ikagawanyika.

Juni 1923, ukiwa rais kwa mara ya pili, watu wa Cao Kun, mbabe wa kivita aliyeutaka urais, walizuia treni yako karibu na Tianjin wakidai mihuri ya urais, uliyokuwa umeiacha Beijing mikononi mwa mkeo. Walikuzingira mle mle kwenye behewa, nawe ukagoma kwa saa nyingi kabla ya kusalimu amri. Kumbe kugoma uliweza. Mheshimiwa, mwaka 1917 bunge lilikuhitaji ugome namna hiyo, angalau kwa muda ule ule uliowagomea kwa ajili ya mihuri.

Wako,
Msomaji wa historia