Barua kwa binamu yangu, muuza tai mwenzangu

Binamu,

Simu zako nimeziona. Ule ujumbe wako wa sauti nao nimeusikiliza, ule unaocheka mwanzo hadi mwisho. Sijajibu kwa sababu kila nikifungua mdomo najikuta napandisha, na Shangazi amenikataza kupandisha na wewe. Kuandika hajanikataza.

Unasema nimenuna kwa sababu ya utani. Kwamba mtoto wa mjomba na mtoto wa shangazi hawawekeani kinyongo, wazee walituachia ruhusa hiyo. Sawa. Uliwahi kuja kwa wakwe zangu ukalia kilio cha msiba mlangoni, eti umesikia nimekufa, nikacheka mpaka nikakaa chini. Utani naujua. Lakini siku ya harusi yako hukunitania. Uliniuza.

Nianze na ile picha ya sinema, maana wewe ndiye uliyeileta ukumbini. Ulishika kipaza sauti ukasema sisi wawili tulikuwa Abbott na Costello wa Kariakoo, kama wale wachekeshaji wawili wa sinema za zamani za Marekani, wewe Abbott mjanja, mimi Costello wa kupigwa makofi. Nusu ya ukumbi hawakujua unaongelea nini, wakacheka kwa sababu bwana harusi anacheka. Ukasema tena kwamba picha yao ile, Buck Privates, ilitengenezwa kuwachekesha askari waliorudi vitani. Binamu, kanda ile tumeitazama mpaka ikaanza kuchuja rangi isiyokuwa nayo, na bado hujui ilitoka lini?

Ilitoka Januari 1941. Marekani ilikuwa bado haijaingia vitani; shambulio la Wajapani kule Pearl Harbor lilikuja Desemba ya mwaka huo. Kilichokuwepo ni sheria aliyotia saini Rais Roosevelt Septemba 1940, ya kuandikisha jeshini wanaume wa miaka 21 hadi 35, mara ya kwanza nchi ile kufanya hivyo wakati wa amani. Kwa hiyo vijana waliojazana sinemani hawakuwa wametoka kokote. Walikuwa wanasubiri namba zao zitajwe. Walikuwa wanacheka kitu ambacho kesho kingewakuta wenyewe, ndiyo maana walicheka vile, na ndiyo maana kampuni ya Universal ilivuna hela ambazo haikutarajia, mpaka mwaka huo huo ikawavalisha tena wale wawili sare za jeshi la maji, kisha za anga.

Na wale wawili ni nani kwenye picha? Wachuuzi wa tai. Hilo ndilo lililotufanya tuipende, si zile nyimbo za akina dada Andrews ulizokuwa unaruka kwa rimoti (mimi nilizipenda, ila sikuwahi kukwambia). Slicker Smith, ndiye Abbott, na Herbie Brown, ndiye Costello, wanauza tai barabarani, polisi anawatimua, wanakimbilia kwenye jumba la sinema. Jumba lenyewe limegeuzwa kituo cha kuandikisha askari. Wao wanadhani ni mambo ya bahati nasibu, wanatia saini, wanatoka wameshakuwa wanajeshi. Na yule polisi wanamkuta kambini, ndiye sajenti wao.

Waliingia mlango mmoja, Binamu. Smith ni tapeli, anamlia mwenzake hela, anamzaba makofi kwenye gwaride, lakini polisi alipotokea waliingia mlango mmoja.

Sasa wewe ulisimulia nini? Ulisimulia siku mgambo waliposhuka ghafla upande wa Mtaa wa Kongo. Ukasema ulichomoka, ukaingia duka la vitenge, mwenye duka akashusha geti. Ukasema ulinichungulia kwenye nondo nikigonga, tai zote zimening'inia shingoni kama hirizi za mganga. Ukaigiza. Ukagonga meza ya bibi harusi, ukalegeza sauti yako iwe yangu: "Binamu, nifungulie! Binamu!" Ukumbi ukaanguka. MC alishindwa kuendelea.

Kuna ulichokiruka. Hukusema kwamba mwenye duka alikugeukia akakuuliza, "Huyu ni wako?" Nilikuwa kwenye nondo, nilimsikia. Nilikusikia na wewe ulivyojibu. Sitaliandika neno lako hapa, unalijua.

Wala hukusema faini alilipa nani. Alilipa mama yako. Aliwaomba wenzake kwenye mchezo wampe zamu yake kabla haijafika, akaja na hela zimefungwa kwenye pindo la khanga, akanitoa mahabusu bila kuniuliza swali hata moja. Na siku ya harusi alikuwa amekaa meza ya mbele, wewe unagonga meza na kulia kwa sauti yangu, watu wanafuta machozi, yeye anachambua wali kwenye sahani. Wewe hukumwona. Mimi nilimwona, nikanyanyuka nikatoka kabla ya keki. Watu wakasema nina wivu. Wivu wa nini? Mke wako ni mtu mwema, nilimwambia hivyo hivyo siku ya mahari.

Kisha kuna hili la belo. Najua umewaambia watu wa nyumbani kwamba baada ya siku ile nilibeba mzigo uliobaki nikauza peke yangu. Ni kweli niliuza. Unakumbuka pale Smith anapotaka akopeshwe dola 50, Herbie ana 40 tu? Anaambiwa: lete hizo 40, halafu 10 nitakudai. Tuliirudia ile mpaka Shangazi akazima televisheni. Basi ndiyo hesabu uliyokuwa unanifanyia kila jioni tukihesabu mauzo. Mtaji nusu kwa nusu, faida ukichukua wewe nyingi, eti mwenye maneno ndiye anayeuza. Nilijilipa, Binamu. Mtu yeyote mwenye akili angejilipa.

Halafu wewe Abbott? Haya, acha nikwambie kuhusu huyo Abbott. Mwanzoni alikuwa anachukua asilimia 60 na Costello 40, kwa sababu enzi zile za majukwaani mtu wa kumchokoza mchekeshaji alihesabiwa ni adimu kuliko mchekeshaji mwenyewe. Costello alikuja kuligeuza. Mwaka 1945 wakagombana, chanzo mfanyakazi wa ndani aliyetoka kwa mmoja akaenda kwa mwingine, wakawa wanafanya kazi pamoja lakini nje ya kazi hawasemezani. Waliachana kabisa mwaka 1957. Machi 1959 Costello akafa kwa moyo, alikuwa bado na siku tatu afikishe miaka 53. Abbott alibaki mpaka 1974.

Ningependa kukushauri hapa usisubiri ifike huko. Lakini mshauri gani, na aliyefungiwa geti ni mimi? Mimi nilikuja. Nilichanga kamati ya harusi, nilikesha nikipanga viti, nilisimama getini kupokea wageni wako kutoka Tanga. Wewe njoo na kwangu. Njoo mchana, watoto wakiwa shule, tuongee. Ukitaka tutafute mashine ya kuchezea kanda, tuangalie lile gwaride. Wa kwangu wa kwanza anajua kipande cha Herbie kuamriwa atoe kifua nje, naye anajibu bado hajamaliza kukitumia. Analisema vizuri kuliko wewe.

Na kabla ya kuja kwangu, pita kwa mama yako. Usimpigie simu. Pita. Zile hela za mchezo sijui kama uliwahi kumrudishia, mimi nilirudisha nusu yangu, na hili basi tungeliongea pembeni lakini nimeshaandika.

Jambo la mwisho. Ile tai ya michirizi ya bluu uliyovaa harusini imetoka kwenye belo langu, niliiweka kabatini kwa Shangazi nikaisahau. Nimeitambua kwenye picha za harusi. Irudishe.